Fundi wa Vitasa na Wiki Isiyokuwa Yake

Wapo watu ambao ukiwataja, msikilizaji anakumbuka sura. Ukimtaja Funguo, kila mtu alikumbuka siku aliyofungiwa nje. Mwalimu wa hesabu alikumbuka asubuhi aliyotoka kumwaga takataka na taulo kiunoni, upepo ukafunga mlango nyuma yake. Mwenye duka la dawa alikumbuka ufunguo uliokatikia ndani ya kufuli huku wagonjwa wamejipanga. Na yupo bwana harusi mmoja aliyejifungia chooni siku ya ndoa yake, ambaye mpaka leo anashikilia kwamba ni kitasa kilichokataa, si yeye. Wote hao Funguo aliwatoa, na siri zao akazitunza, isipokuwa ile ya bwana harusi, ambayo ilikuwa tamu mno kukaa nayo peke yake.

Kibanda chake kilikuwa cha mabati, kimeegemea ukuta wa duka la vifaa vya ujenzi. Ndani yake kulikuwa na mashine ya kuchongea funguo, kiti kimoja kizima na kingine kibovu cha kutegea wadeni, na vitasa vibovu vilivyopasuliwa matumbo juu ya meza. Alipoitwa mlangoni kwa mtu hakuwa na haraka. Aliinama, akaweka sikio karibu na tundu, akaingiza vyuma vyake viwili vyembamba, akafumba macho kama mtu anayesikiliza umbea wa chumba cha pili. Kisha ka! Mlango wazi. Watu wakapiga makofi, naye akatabasamu kwa unyenyekevu wa uongo, maana hakuna kitu alichokipenda kama sauti ile ya ka.

Mtu wa namna hiyo ukiolewa naye, faida yake ni kwamba hutalala nje hata siku moja. Hasara yake aliijua mkewe peke yake.

Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Kipaza, alikuwa mtangazaji wa stendi ya mabasi. Kutwa alikaa kwenye chumba cha vioo akiwaambia watu basi gani linaondoka, basi gani limechelewa, na nani aje amchukue mtoto wake aliyepotea. Sauti yake ilikuwa nene, ya kuaminika, na ilifika mpaka kwa wauza machungwa nje ya geti. Kwa hiyo alipokasirika nyumbani hakupiga kelele. Kelele zote alikwisha kuziuza kazini. Yeye akikasirika aliingia chumbani, akafunga mlango kwa ufunguo, akakaa kitandani atulie, alie kidogo kama kilio kipo, kisha atoke akiwa mtu mpya.

Hakuwahi kutulia. Hata makalio hayajagusa godoro vizuri, kitasa kinalia ka, mlango unafunguka, na huyo hapo mumewe, meno yote nje: "Nimekukamata!" Siku nyingine alijifungia bafuni. Ka! "Mama watoto, hata huku?" Funguo aliona anachekesha. Aliona anabembeleza. Kichwani mwake, mwanamume anayempenda mkewe hawezi kumwacha nyuma ya mlango uliofungwa na vyuma anavyo mfukoni. Kipaza alimwambia kwa upole, akamwambia kwa ukali, na mara moja akamwambia kwa sauti ya stendi kabisa mpaka majirani wakadhani basi limeingia mtaani. Haikusaidia. Miaka yote ya ndoa yao, mama wa watu hakuwahi kufunga mlango ukafungika.

Hawakuachana kwa kurushiana vyombo. Siku moja Kipaza alisema amechoka, Funguo akauliza amechoka na nini, Kipaza akasema kama mpaka leo hujui, basi ndicho hicho nilichochoka nacho. Wakakubaliana kutengana kama watu wazima, wakaendelea kukubaliana kila kitu, televisheni, makabati, mpaka meza ya kupigia pasi, hadi walipofika kwa watoto. Hapo kila mmoja akakaza shingo.

Watoto walikuwa wawili. Mkubwa, msichana wa darasa la tano, aliitwa Wakili kwa sababu hakuna amri aliyoipokea bila kuikatia rufaa. Mdogo wake, mvulana ambaye hajaanza shule, aliitwa Bosi kwa sababu hakuna kazi aliyowahi kuifanya.

Ofisi ya ustawi wa jamii ilikuwa na feni inayozunguka kwa kulazimishwa na afisa mmoja mpole, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, ambaye wote walimwita dada. Dada alimsikiliza baba, akamsikiliza mama. Baba alitaka watoto wakae kwake. Mama alitaka wakae kwake. Dada akaanza kueleza jinsi watoto wanavyoweza kukaa wiki huku na wiki kule, na mabegi yao, na madaftari, na viatu vya shule ambavyo siku zote hubaki upande usiotakiwa. Wakili akainua mkono kama yuko darasani.

"Naomba kuuliza. Mliogombana ni nyinyi. Sasa mbona tunahama sisi?"

Dada akaweka kalamu chini, akamtazama yule mtoto kwa muda, kisha akawatazama wazazi.

Hivyo ndivyo ulivyozaliwa mpango ambao mtaa ulikuja kuujadili hata saluni. Watoto wangebaki nyumbani, kwenye fleti ileile ya ghorofa ya pili, na wazazi ndio wangekuwa wanahama. Wiki ya mama, mama anakaa na watoto, na baba anakwenda kulala kwa kaka yake kwenye kochi fupi kuliko yeye. Wiki ya baba, mama anajistiri kwa rafiki yake wa stendi. Zamu zinabadilika Jumapili mchana.

"Mimi sina neno," Kipaza alisema. "Ila, dada yangu, niambie jambo moja tu. Kwenye wiki yangu, ni mlango gani utamzuia mtu huyu?"

Funguo akacheka. Akatazama huku na huku, akaona anacheka peke yake, akafunga mdomo.

Masharti yakawekwa. Kitasa cha mlango mkubwa kibadilishwe, tena kifungwe na fundi mwingine, si yeye. Ufunguo uwe mmoja, anayeingia zamu ndiye anayekabidhiwa, na ule wa akiba ukae kwenye droo ya dada pale ofisini. Mpango ungejaribiwa mpaka shule zifungwe. Na baba akiingia kwenye wiki ya mama, hata mara moja, hata kwa mzaha, basi mpango umekufa palepale: Kipaza atawachukua watoto na kuhamia kwa dada yake wa damu, mji wa mbali, ambako stendi kubwa ilikuwa inamtaka kwa hamu, na Funguo atakuwa anawaona wanawe likizo.

"Likizo?" Funguo aliuliza.

"Likizo," dada alisema.

Alitia sahihi. Funguo aliwapenda watoto wale kupita kiasi, hilo hata Kipaza hakulipinga. Alikuwa mtu wa kumwamsha mtoto aliyelala ili amuulize kama amelala vizuri.

Fundi aliyeitwa kufunga kitasa kipya alikuwa hasimu wake wa mtaa wa pili, mtu wa miwani na maneno marefu, aliyekiita kila kitasa "mfumo", na kwa ajili hiyo watu wakamwita Profesa. Alikuja na kitasa kizito cha chuma, akakifunga taratibu, huku Funguo amesimama kwenye ngazi, mikono nyuma, kama mpishi aliyeletewa chakula cha hotelini nyumbani kwake mwenyewe.

"Huu mfumo," Profesa alimwambia Kipaza, kwa sauti ya kumfikia hasa yule wa kwenye ngazi, "hakuna fundi wa kuuingilia. Hayupo."

Mpango ukaanza, na kama kuna anayedhani nyumba moja haiwezi kuwa mbili, akawaulize watoto wale. Wiki ya mama viatu vilibaki nje ya mlango. Wiki ya baba viatu vililala popote vilipochokea. Jumapili jioni Funguo alizungusha kochi litazame televisheni, na Jumapili iliyofuata Kipaza alilizungusha litazame dirisha, mpaka sakafu ikapata njia kama ya ng'ombe waendao mtoni. Dawa ya mswaki mmoja aliiminya kutoka mkiani na mwingine katikati, ikabaki na kiuno cha nyigu.

Wakili hakuchelewa kuona mwanya.

"Kwa mama tunaruhusiwa," alisema kila alipokatazwa jambo.

"Kwa mama wapi?" Funguo aliuliza. "Si ni hapahapa?"

"Ni hapahapa, ila wiki iliyopita."

Bosi naye kila Jumapili alikula na mzazi anayeondoka, akala tena na mzazi anayeingia, na wote wawili akawaambia tangu asubuhi hajatia kitu mdomoni. Alinenepa mashavu, na kila mzazi akaamini ni kwa sababu ya mapishi yake.

Kila mmoja alikuja na shuka zake kwenye begi. Lakini mto ulikuwa mmoja, na mafuta ya nywele ya Kipaza hayakujali mabadiliko ya foronya. Funguo alilala upande wake wa zamani, ule wa ukutani, akaacha ule mwingine kama ulivyo. Alimkumbuka mkewe, na aliona haya kumkumbuka mtu ambaye alikuwa naye nyumba moja miaka yote hiyo bila kumsikiliza.

Na kuna siku moja aliyoikumbuka zaidi. Alikuwa ametoka kazini hoi, watoto wameanza kugombania rimoti, mashine ya kufulia inaruka jikoni kama imepagawa. Funguo akaingia bafuni, akafunga mlango, akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Alitaka kukaa tu, hakuwa na shida nyingine. Hata pumzi ya kwanza haijashuka, ngumi zikaanza.

"Baba! Unafanya nini?"

"Nimekaa."

"Umekaa unafanya nini?"

"Baba, Bosi ananiangalia!"

"Baba, fungua nikuonyeshe kitu!"

"Kitu gani?"

"Fungua kwanza."

Funguo akaegemeza kichwa kwenye vigae. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya ufundi, alikuwa upande wa ndani wa mlango, akiomba usifunguke. Akamwona Kipaza, kitandani, usiku na mchana wa miaka ile yote. Akaona meno yake mwenyewe. "Nimekukamata!" Alijisikia vibaya, vibaya kabisa, na hakuwa na wa kumwambia isipokuwa ndoo.

Sasa tuseme ukweli, hata kama unamwangusha. Wiki ile ile Profesa alipofunga kitasa, Funguo alinunua kingine cha aina hiyohiyo. Hakukinunua ili aingie, aliapa baadaye, na kwa hilo tumwamini. Alikinunua kwa sababu maneno ya Profesa yalimkaa kooni. Akakibana kwenye jiliwa pale kibandani, akakiwekea sikio. Kilikuwa na kiburi kitasa kile. Kilimrudisha, kikamrudisha tena, kikamfanya apoteze wateja wawili watatu waliokuja na kufuli za kawaida. Kabla wiki haijaisha, ka.

Hakutabasamu. Alikifungua tena, kikafunguka. Akakitia kwenye sanduku, akakaa kwenye kile kiti kibovu bila hata kukumbuka kwamba ni kibovu. Angeshindwa, angelala usingizi. Sasa alijua kwamba kila wiki ya mama, kati yake na watoto wake hakuna kitu isipokuwa neno lake, na neno lake, tusifichane, halikuwa na sifa nzuri.

Likajaribiwa mapema. Wiki moja ya mama, Wakili alimpigia simu kwa kunong'ona kwamba Bosi ana homa. Funguo alipanda zile ngazi jioni na mfuko wa machungwa, akasimama mlangoni. Ndani Bosi alikohoa, akalia kwamba anamtaka baba, na Kipaza akaimba kwa sauti ya chini, sauti ambayo stendi haikuwahi kuisikia. Vyuma vilikuwa mfukoni, vimeanza kupata joto la mkono. Angebisha, labda angekaribishwa. Lakini aliogopa kubisha, kwa sababu akikataliwa, mkono ungefanya mambo yake bila kumwuliza. Akautundika mfuko wa machungwa kwenye mpini wa mlango, akashuka ngazi haraka kama mwizi, yeye ambaye hakuiba kitu.

Ikaja Jumamosi moja, tena wiki ya mama, shule zikikaribia kufungwa. Kipaza na Wakili walishuka uani kuanua nguo. Bosi alikuwa amelala, maharage yako jikoni, ufunguo uko mlangoni kwa ndani. Ilikuwa kazi ya kushuka na kupanda tu. Waliporudi na beseni lao, mlango ulikuwa umefungwa.

"Bosi! Fungua mlango!"

"Nimefunga," sauti ilijibu kwa fahari.

"Naona umefunga. Sasa zungusha ufunguo, urudi kama ulivyokuwa."

"Ufunguo nimeuosha."

"Umeuosha wapi, mwanangu?"

"Kwenye sinki. Ukaingia kwenye tundu."

Kipaza akampigia simu dada wa ustawi. Dada alikuwa harusini, mji mwingine, ngoma zinasikika nyuma yake. Ofisi imefungwa, droo imefungwa, ufunguo wa akiba ni Jumatatu. Kipaza akamwita Profesa. Profesa akaja, akautazama mfumo alioutukuza kwa mdomo wake, akaingiza chuma hiki, akaingiza kile, akafuta miwani, akafuta uso, akatangaza kwamba hapa dawa ni kutoboa kwa mashine tu. Lakini ili atoboe, mtoto lazima asogee, na Bosi alikuwa ameganda nyuma ya mlango, jicho tunduni, akiuliza kila chombo cha Profesa kinaitwaje.

"Sogea, kijana."

"Sitaki. Na hicho chekundu?"

Majirani walikwisha kujaa kwenye ngazi, kila mtu na ushauri wake. Mmoja alitaka mlango uvunjwe, mwingine alitaka waitwe zimamoto, wa tatu akauliza kama maharage yalikuwa yametiwa chumvi. Harufu ya kuungua ilikuwa imeanza kupita chini ya mlango.

"Mama," Wakili alisema, "mpigie baba."

"Si zamu yake."

"Kilichokatazwa ni kuingia. Kufungua hakukuandikwa popote."

Kipaza akamtazama mwanawe, akautazama mlango, akatoa simu.

"Njoo," alisema.

"Mama watoto, mbona hii si wiki yangu?"

"Njoo, nimesema! Bosi kajifungia, Profesa kashindwa!"

Funguo alisimulia baadaye kwamba, pale kibandani, sauti ile aliisikia mara mbili, moja kwenye simu na nyingine hewani. Alikimbia. Lakini miguu ikikimbia, kichwa nacho kilikuwa na mbio zake. Profesa ameshindwa mbele ya jengo zima. Yeye akifungua kwa kufumba na kufumbua, Kipaza atajua. Atajua kwamba kitasa kile hakikuwahi kumlinda hata siku moja, kwamba wiki zote zile mlango ulikuwa wa karatasi. Na watoto watapanda basi, mama yao mwenyewe atawatangazia. Akaamua. Atahangaika. Atatoka jasho, ataguna, atatikisa kichwa, ataomba maji ya kunywa, kisha baada ya muda wa heshima ndipo afungue, kama kwa bahati.

Alifika, watu wakampisha. Profesa akamnong'oneza, "Hauingiliki, ndugu yangu." Funguo akapiga goti, akachungulia tundu. Tundu likamchungulia.

"Bosi, mwanangu. Mbona umefunga?"

"Ni zamu yangu," Bosi alisema. "Mama ana wiki. Baba ana wiki. Mimi sina. Leo nyumba ni yangu, nyinyi mkalale kwa baba mkubwa."

Ngazi nzima ikaangua kicheko. Kipaza hakucheka. Funguo naye hakucheka. Maneno yale yalimwingia mpaka ndani, na alipoinua macho aliona yamemwingia mwenzake vilevile. Kisha Bosi akakohoa. Akakohoa tena. Jicho likaondoka tunduni.

"Baba, moshi unaniuma," akasema, na ile sauti ya kibosi yote ikaisha, akaanza kulia.

Habari za kutoka jasho zikamtoka Funguo kichwani. Hakuguna, hakuomba maji. Sikio tunduni, vyuma viwili, macho yamefumbwa, ka.

Kipaza alimruka pale chini, akaingia, akazima jiko, akafungua madirisha yote. Moshi ukatoka, maharage yamekuwa makaa, na Bosi akatoka mbio kuukumbatia mguu wa baba yake. Funguo alikuwa amesimama sasa, vidole vya miguu viko sawasawa na kizingiti, upande wa nje.

"Ingia, baba," Bosi alisema akimvuta suruali.

"Siingii. Niko sawa hapa."

Profesa alikuwa bado kapigwa na butwaa. "Umefanyaje?"

"Bahati," Funguo alisema.

"Bahati gani?" Ilikuwa sauti ya Kipaza, aliyekuwa amerudi mlangoni na sufuria mkononi. "Hata jasho hujatoka. Baba Wakili, tangu lini unaweza kukifungua kitasa hiki?"

Hapo angeweza kudanganya, na uongo alikuwa nao tayari mdomoni, umeiva. Aliwatazama watoto wake, mmoja kwenye mguu, mwingine kwenye ngazi na mikono kiunoni akisubiri ushahidi. Akaumeza.

"Tangu wiki kilipofungwa."

Majirani wakasogeza masikio. Hata yule wa chumvi.

"Wiki ile ile?"

"Ile ile. Nilinunua kingine, nikajifunza kibandani."

Kipaza akaweka sufuria chini, polepole. "Na ile jioni ya homa ya Bosi? Machungwa yale yalikuwa yako."

"Yalikuwa yangu."

"Ulisimama hapa."

"Nilisimama."

"Na vyuma vyako ulikuwa navyo?"

"Mfukoni."

"Mtoto anakulilia humu ndani, vyuma viko mfukoni, na kitasa ulikuwa umekwisha kukiweza. Kwa nini hukuingia?"

Funguo alitafuta neno la kuchekesha, akakuta hakuna.

"Ulikuwa umefunga mlango," alisema.

Kipaza akageuza uso, akatazama ukuta. Mabega yakapanda, yakashuka. Aliporudi kumtazama, macho yalikuwa na maji, na hakuyafuta. Kisha akatoa simu. Sauti ya stendi ikarudi, ikashuka ngazi mpaka barabarani, kila mtu akasikia.

"Dada, pole kwa kukusumbua harusini. Mtoto katoka salama. Ndiyo. Ni baba yake kafungua. Hapana, hakuingia, yuko nje hapa mpaka sasa, hata kidole hakijaingia. Sikiliza, dada yangu. Andika kwamba mpango unaendelea, shule zifungwe zifunguliwe. Stendi ya ule mji wa mbali watafute mtangazaji mwingine. Kitasa? Kitasa ni bure kabisa, mtu huyu anakifungua kama kopo la maziwa. Nini? Hapana. Tusikibadilishe. Kiache hichohicho." Akamtazama Bosi. "Na kuna mtu wa tatu naye anadai zamu. Jumatatu tutakuja wote, tuone atapata siku gani."

"Na mimi je?" Wakili aliuliza.

"Wewe utakuja kama wakili wake."

Jumapili ikaingia, zamu ya baba. Funguo alipanda ngazi na begi lake la shuka. Kwa kuwa ufunguo wa akiba ulikuwa bado ofisini, mlango ulikuwa wazi kabisa, umezuiwa na kiatu kimoja cha Bosi. Aliliona kochi, likitazama dirisha. Alisikia watoto wakibishana jikoni juu ya nani amekula kipande cha nani. Mguu wake wa kulia ulikwisha kuinuka. Akaurudisha chini.

"Hodi!"

Ikaja kutoka chumbani, sauti isiyokuwa na haraka yoyote: "Subiri!"

"Sawa."

Akasubiri. Alitega sikio kwa mazoea, na hakusikia nguo zikipangwa wala zipu ya begi ikifungwa. Hakusikia hatua. Kipaza hakuwa na shughuli yoyote mle ndani. Alikuwa amekaa tu kitandani.

Funguo akaweka begi chini, akaegemea ukuta wa nje, akamwacha akae.